Kutoka mfuko wa unga hadi simu: historia ya msaada wa pesa kwa familia za Bagira na vijiji vya Kabare

Mama anayekimbia vita akifika Bagira jioni, na watoto wanne na godoro moja, swali la kwanza linamwangukia yule anayemfungulia mlango. Atawalaza wapi? Kesho watakula nini? Tangu vita vya 1996, familia za Bagira zimekuwa zikijibu swali hilo kabla shirika lolote halijafika. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nyumba nyingi za Bagira hazina shamba la kumwonyesha mgeni, na jembe bila shamba halipiki chungu.

Ndiyo maana historia ya msaada katika eneo hili inastahili kusimuliwa upya. Kwa muda mrefu msaada ulikuja ndani ya mfuko: unga, maharagi, mafuta, pamoja na sufuria, blanketi na turubai. Baadaye ukawa kuponi. Kisha ukawa noti mkononi, na mwishowe ujumbe katika simu. Kila mara njia ilipobadilika, kitu kimoja kilihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine: uwezo wa kuamua. Ni nani anayejua familia inakosa nini? Na ni nani anayeshika njia ambayo msaada unapitia? Maswali hayo mawili ndiyo yanaeleza kwa nini pesa iliinua familia nyingi, na kwa nini nyingine hazikuiona kabisa.

Mlima wa nyumba na mlima wa mashamba

Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines ilipanga nyumba na barabara zake kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji. Leo Bagira ni mojawapo ya komini tatu za Bukavu, pamoja na Ibanda na Kadutu. Lakini upande mmoja wake umebaki kijiji. Huko Kasha watu wanalima mihogo, maharagi na ndizi, na njia za miguu zinapanda moja kwa moja kuelekea Kabare. Kwa hiyo familia ya mji na familia ya kijiji mara nyingi ni familia moja: dada yuko Bagira, kaka yuko kijijini, na chakula kinapanda na kushuka kati yao.

Katika vijiji vya Bashi, ardhi ilikuwa na sheria zake. Familia iliyotaka shamba la kudumu ilitoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, kwa mwami ao kwa mjumbe wake, na watoto wakaweza kulirithi. Asiyekuwa na kalinzi alichukua bwasa, yaani alikodi shamba kwa muda mfupi, akapanda mimea ya msimu tu, bila kupanda mgomba wala mti. Wakati wa ukoloni mashamba makubwa ya chai, kahawa na kinakina yalichukua sehemu nzuri za milima. Ardhi iliyobaki iligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hata leo familia nyingi zinalima kipande kisichoweza kuwalisha mwaka mzima. Kisha katika miaka ya 2000 mnyauko wa migomba ulifika Kivu ya Kusini. Mgomba ndio ulioleta kasiksi, na kasiksi ndiyo iliyoleta pesa ya chumvi, sabuni na daftari.

Familia kama hiyo haikosi nguvu ya kulima. Inakosa mtaji mdogo kwa wakati wake. Huku watu wanapanda mara mbili: kuanzia mwezi wa 9, na tena kuanzia mwezi wa 2. Aliyekula mbegu yake mwezi wa 8 kwa sababu ya njaa atalima shamba la mtu mwingine kwa ujira wa siku mwezi wa 9, na mwezi wa 1 atakuwa na njaa tena. Ni mduara, na hautokani na uvivu.

Benki mbili zilizokufa

Watu wengi waliwahi kusema kwamba mtu wa kijiji hajui kutunza pesa. Historia ya Kongo inaonyesha kinyume chake: pesa ndiyo iliyoshindwa kumtunza yeye.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimeondolewa. Watu walipewa muda mfupi sana wa kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliyekuwa ameficha akiba yake ndani ya nyumba ya majani, mbali na benki, alibaki na karatasi. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya: moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ilikuja franka ya Kongo, na franka moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Mtu mzima wa Kabare aliona akiba ikiyeyuka mara tatu katika maisha yake. Si ajabu kwamba hata leo Bukavu inahesabu vitu vikubwa kwa dola.

Kwa hiyo kijijini benki ilikuwa mbuzi. Mbuzi anazaa, na mtoto akiugua anauzwa. Chini ya mbuzi kulikuwa na kuku, sungura na kobaye, wanyama wa mama na wa watoto. Vita vilipokuja, benki hiyo nayo iliporwa. Wanajeshi na vikundi vya silaha walipofika kijijini, walianza na zizi. Familia zilizoshuka kutoka Walungu, Bunyakiri na milima ya Kabare kuelekea Bukavu zilikuwa zimepoteza noti kwanza, kisha mifugo. Zilifika na mikono tu, na mkono mtupu haulambwi.

Miaka ya mfuko

Mwezi wa 7 mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia Kivu. Kambi zilisimama kuzunguka Bukavu, zikiwemo Kashusha na Inera kwenye barabara ya Kavumu. HCR na PAM walileta magari yaliyojaa unga na maharagi. Ndipo watu wa Bagira na Kabare walipojua mfumo wa msaada ulivyo: orodha, kadi, mstari, mfuko. Waliona pia jambo lingine: sehemu ya chakula hicho iliishia sokoni. Mkimbizi aliyehitaji dawa, kuni ao nguo ya mtoto hakuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa chakula chake.

Kambi hizo zilivunjwa kwa vita mwishoni mwa 1996. Tangu hapo zamu ya kukimbia ikawa ya Wakongomani wenyewe: mwaka 1996, tena kuanzia Agosti 1998, tena Juni 2004 Bukavu ilipotekwa kwa siku chache, na katikati ya tarehe hizo usiku mwingi usioandikwa popote. Katika Kivu ya Kusini wahami wengi hawakukaa katika kambi. Waliingia katika nyumba za ndugu, za watu wa kanisa moja, ao za watu wasiowajua kabisa. Chumba kimoja kikawa cha familia mbili, na sufuria moja ikagawanywa kwa watu kumi na wawili.

Mfumo wa mfuko haukutengenezwa kwa hali hiyo. Ulitengenezwa kwa kambi, ambamo watu wote wanahesabiwa mahali pamoja. Aliyelala sebuleni kwa shangazi yake Bagira alikuwa mgumu kuonekana, na shangazi aliyemlisha hakuonekana kabisa. Zaidi ya hayo, mfuko ulidhani kwamba nyumba zote zinakosa kitu kimoja. Mama mwenye mtoto mgonjwa alipokea unga sawa na jirani mwenye watoto wazima. Ili apate dawa aliuza unga kwa bei ya chini, kwa sababu siku hiyohiyo wengine wengi walikuwa wakiuza wa kwao. Thamani iliyopotea njiani, kati ya bei ya gari lililopita matope na bei ya soko la jioni, haikumfikia yeye wala aliyetoa msaada.

Hata hivyo mfuko usidharauliwe. Barabara ikifungwa na soko likiwa tupu, noti hailiwi. Kuna miezi ambayo mfuko ndio uliookoa watu.

Kuponi, noti, simu

Kongo ilijaribu kutuma pesa kwa simu mapema kuliko watu wengi wanavyofikiri. Wakati wa mpango wa kuwaondoa wapiganaji jeshini, ulioanza baada ya makubaliano ya amani ya 2002, aliyeweka silaha chini alipewa dola 110 za kumfikisha nyumbani, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kampuni iliyoitwa Celpay ililipa sehemu ya pesa hizo kwa njia ya simu. Hiyo ilikuwa kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007. Mama aliyeacha shamba lake kwa sababu ya wapiganaji hakuwa ndani ya mpango huo. Lakini mpango ulithibitisha kwamba pesa inaweza kumfikia mtu mmoja mmoja katika nchi isiyo na barabara wala benki za vijijini.

Kwa wahami, hatua ya kwanza ilikuwa kuponi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, UNICEF na mashirika yanayoshirikiana nayo walianza kupanga masoko ya siku moja ao mbili. Wafanyabiashara wa eneo walileta bidhaa, na familia zikachagua kwa kuponi. Kwa mara ya kwanza mama aliweza kukataa sufuria ya tatu na kuchukua kitenge ao jembe. Bado alichagua tu kati ya vitu vilivyoletwa, siku iliyopangwa, kwa wafanyabiashara walioandikishwa.

Je, noti ingefanya vizuri zaidi? Swali hilo lilipimwa hapahapa Kivu. Kuanzia 2011, shirika la Concern Worldwide lilisaidia familia 474 za wahami huko Masisi, Kivu ya Kaskazini. Nusu walipata kuponi na nusu pesa, kwa thamani ileile: dola 130 kwa muda wa miezi saba. Mtafiti Jenny Aker alifuata matokeo. Waliopewa pesa walinunua vyakula vya aina nyingi zaidi, na walinunua mahali walipotaka, siku waliyotaka. Waliopewa kuponi walinunua chumvi nyingi, kwa sababu chumvi haiozi na inaweza kuwekwa ao kuuzwa baadaye. Kwa njia nyingine, waligeuza kuponi kuwa akiba kwa nguvu. Mwishoni hali ya chakula na mali ya makundi yote mawili haikutofautiana sana, lakini kuponi zilikuwa zimegharimu shirika zaidi. Na ile hofu ya kwamba pesa itaishia kwenye pombe haikuthibitishwa.

Baada ya hapo pesa ilipata nafasi yake. Katika mpango ulioitwa ARCC, UNICEF pamoja na Concern Worldwide, Mercy Corps na Solidarités International waligawa pesa bila sharti mashariki mwa Kongo. Kati ya 2013 na 2015 walifikia familia zaidi ya 20,000. PAM nayo ilianza kutoa pesa mahali ambapo masoko yalikuwa na chakula. Tangu 2012 M-Pesa na Airtel Money zilikuwa zimefika Kongo, na wakala wa simu akawa karibu kuliko benki.

Kenya nayo ilitoa somo lake. Katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa kama dola 1,000 kwa kila familia kwa familia zaidi ya 10,000. Watafiti wakafuata vijiji 653. Waligundua kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo, kwa sababu aliyenunua bati alimlipa fundi, na fundi akanunua samaki. Hata majirani wasiopewa chochote walinufaika. Bei hazikupanda isipokuwa kidogo sana. Siaya si Kabare, kwani huko hakuna vita na barabara zinapitika. Lakini jambo moja ni lilelile: pesa ya maskini haikai kwa maskini peke yake.

Pesa inapoingia ndani ya nyumba

Chukua familia ya mfano: baba, mama na watoto watano, waliokimbia kijiji na kukaa kwa ndugu huko Kasha. Wanapata dola 90 mara moja, kisha dola 20, kisha dola 20 nyingine. Kwa mtu wa mbali, hizo si pesa nyingi. Ndani ya nyumba zinapanga foleni.

Wa kwanza katika foleni ni deni. Kuna kibanda kilichowakopesha unga na sabuni kwa wiki sita. Deni likilipwa, mlango wa kibanda unafunguka tena, na hiyo yenyewe ni bima. Wa pili ni hospitali. Katika sehemu nyingi za Kongo mama akizaa na kushindwa kulipa, anaweza kuzuiliwa na mtoto wake mpaka bili ilipwe. Dola chache zinatosha kumrudisha nyumbani. Wa tatu ni shule. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini unifomu na daftari hazigawiwi bure, na shule ya sekondari inaendelea kulipisha. Msichana wa sekondari ndiye anayetolewa kwanza pesa ikikosekana, na ndiye anayerudi wa mwisho.

Wa nne ni shamba. Hapo ndipo wakati unapoamua yote. Pesa ikifika mwezi wa 8, familia inaweza kukodi bwasa, kununua mbegu ya maharagi na kulima kabla ya mvua. Ikifika mwezi wa 12, pesa ileile inaingia yote kwenye bugali na sombe, tena wakati bei iko juu. Dola zilezile zinakuwa mtaji ao chakula kulingana na tarehe ya kufika. Mpango usiojua kalenda ya jembe unaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado ukaiacha familia mahali ilipokuwa.

Kuna badiliko lingine lisiloandikwa kwenye ripoti. Mgeni aliyepata pesa anaweza kununua mkaa. Anaweza kuweka kitu ndani ya sufuria ya mwenyeji. Kwa miezi alikuwa akila akiwa ameinamisha kichwa, sasa anachangia. Familia mbili zilizokuwa zimeanza kununiana kwa sababu ya chumvi zinaanza tena kusalimiana vizuri asubuhi. Mwenyeji naye anapumua, hasa pale mpango unapomkumbuka yeye pia, kwa kuwa alikuwa shirika la kwanza la msaada na hakuna aliyewahi kumrudishia.

Lakini pesa inaweza pia kuleta ugomvi. Kama simu iko mfukoni mwa baba na jina lililoandikwa ni la mama, nani anajua ujumbe umefika? Kama majirani wawili walikimbia usiku mmoja, mmoja akaandikwa na mwingine akaachwa, urafiki wao utapimwa. Pale ambapo mume na mke walielezwa pamoja tangu mwanzo pesa ni ya nini, ugomvi ulikuwa na nafasi ndogo zaidi.

Wanawake wengi walijua tayari namna ya kuilinda pesa isiyeyuke. Kivu ya Kusini ina desturi ndefu ya likelemba, ambamo kila mmoja anachanga na kila mmoja anapokea kwa zamu. Ina pia MUSO, mutuelle za mshikamano zenye sanduku la kijani la kukopeshana na sanduku jekundu la kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba. Pesa ya msaada ilipokutana na kikundi cha namna hiyo, ilipata mahali pa kulala. Mama aliyeingiza dola tano kwenye sanduku alipata haki ya kukopa kesho. Msaada ulikwisha, lakini kikundi kilibaki.

Mwenye kadi ya SIM ndiye mwenye pesa

Mfuko unaonekana. Ukipungua kilo tano, mstari mzima unapiga kelele. Pesa ya simu haionekani, na mwizi wake hahitaji gari.

Mwaka 2018 shirika la Mercy Corps liligundua wizi katika mipango yake ya msaada wa haraka mashariki mwa Kongo. Orodha za wahami zilikuwa zimejazwa majina ya watu wasiostahili, na waliohusika walikuwemo viongozi wa eneo, wafanyabiashara na wafanyakazi wa msaada, waliogawana pesa. Kwa lugha ya Kongo mchezo huo unajulikana kama «opération retour»: kinachotolewa kwa mkono mmoja kinarudi kwa mkono mwingine.

Kisha katika mwaka 2023 GiveDirectly lenyewe lilitangaza hadharani kwamba kama dola 900,000 ziliibwa katika mpango wake wa Kivu ya Kusini, kati ya Agosti 2022 na Januari 2023. Familia zaidi ya 1,700 hazikupata pesa zilizokuwa zimetumwa kwa majina yao. Njia ilikuwa rahisi. Kwa kawaida mpokeaji anajiandikishia kadi yake ya SIM mwenyewe. Lakini kwa sababu ya usalama mdogo na ukosefu wa wauzaji katika vijiji vile, wafanyakazi wa shirika waliruhusiwa kushughulikia kadi hizo. Baadhi yao walishika kadi na namba za siri, na pesa ikaenda walipotaka wao. Kwenye kompyuta familia zilionekana zimelipwa. Kijijini hakuna aliyeona ujumbe.

Habari hiyo iliumiza, na watu wengine waliitumia kusema kwamba pesa haifai, turudi kwenye mfuko. Lakini mfuko nao uliibwa miaka yote, na mara nyingi hakuna aliyetangaza. Somo la 2023 ni jembamba zaidi na lina faida zaidi: pesa ilipotea pale tu ambapo uamuzi ulihama tena kutoka kwa familia. Siku mtu mwingine aliposhika kadi «kwa sababu ni rahisi», mpango ulirudi kuwa ule wa zamani, ambamo mtu wa katikati ndiye mkubwa.

Noti zilipokosekana

Mwaka 2025 ulileta mtihani mwingine. Mwezi wa 1 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Marekani ndiyo iliyokuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu kwa Kongo mwaka 2024. Wiki chache baadaye, katikati ya mwezi wa 2, AFC/M23 iliingia Bukavu baada ya kuchukua Kavumu na uwanja wake wa ndege. Benki za mji zilifungwa. Noti zikawa adimu. Mtu aliweza kuwa na dola 50 ndani ya simu na kukosa mahali pa kuzitoa, ao wakala akakata sehemu kubwa kabla ya kumpa noti zilizobaki. Wafanyabiashara nao hawakuweza kulipia mizigo kama zamani.

Hapo watu waliona kwamba pesa ya simu inasimama juu ya miguu mitatu: soko lenye bidhaa, wakala mwenye noti, na mtandao unaofanya kazi. Mguu mmoja ukivunjika, ujumbe mzuri unakuwa ahadi tu. Kwa hiyo aliyesema mfuko umekufa alikosea, kama alivyokosea aliyesema maskini hawezi kupewa pesa. Kinachofaa kinategemea hali ya soko ya mwezi ule, na watu wanaojua hali hiyo kuliko wote ni wauza unga wa Bagira na mama wanaonunua kwao kila siku. Ni mara chache wanaulizwa.

Kilichobaki baada ya miaka thelathini

Historia hii inaacha mambo machache ambayo familia inaweza kuyashika mkononi. Kadi ya SIM iandikwe kwa jina la mpokeaji, na yeye ndiye aichukue. Namba ya siri haipewi mtu, hata akiwa na fulana ya shirika, hata akiwa shefu wa mtaa. Orodha isomwe mbele ya watu wote, ili jina lisilojulikana lisikike na jina lililosahauliwa lidaiwe. Hakuna anayepaswa kulipa ili aandikwe, wala kurudisha sehemu baada ya kupokea. Na kila mpango una njia ya malalamiko. Kuiuliza siku ya kwanza si utovu wa shukrani.

Wanaopanga msaada nao wana yao ya kujifunza: kufika kabla ya mvua, kumkumbuka mwenyeji, kuuliza bei kabla ya kuchagua kati ya mfuko na pesa, na kusema ukweli pesa ikipotea.

Familia ya kijiji haikuwahi kukosa akili ya kutumia pesa. Iliitunza katika noti, Mobutu akaifuta. Iliitunza katika mbuzi, wenye silaha wakamla. Sasa inaitunza katika sanduku la kikundi, katika daftari ya mtoto, katika bwasa ya msimu mmoja. Dola 130 hazileti amani, na hazirudishi shamba lililoachwa nyuma. Lakini zikifika kwa wakati, katika mkono wa mwenyewe, mgeni wa Bagira anapata ile siku ya tatu ambayo wahenga waliitaja: siku ya kushika jembe, hata kama ni kwenye kipande cha kukodi huko Kasha, na kula alicholima.